Maswali ya Wasomaji: Sukari, Moyo na Chungu cha Bibi

Mbukwenyi wasomaji wangu. Mwezi huu bahasha karibu zote zinauliza kisukari. Kwa asiyenijua, mimi ni muuguzi mstaafu. Nimekaa kliniki ya kisukari hapa Dodoma miaka 22, nikipima, nikisafisha vidonda, nikibembeleza watu waache soda. Barua nimezifupisha na majina nimeyaficha. Ya kwanza sikuiacha ingoje toleo. Mwandishi wake aliweka namba ya simu, nikampigia jioni ileile, naye ameridhia ichapwe ili wengine wasome.

Shikamoo dada. Nina miaka 58, naishi Mpwapwa, kisukari huu mwaka wa 9. Wiki mbili sasa nikipanda kutoka sokoni kwenda nyumbani napumua kwa shida, jasho la baridi linanitoka na kichefuchefu kinanishika. Nakaa kwenye jiwe mpaka kitulie. Kifua hakiumi kabisa. Duka la dawa wamenipa dawa ya gesi. Je, ni gesi kweli?

Marahaba mdogo wangu. Nilichokuambia kwenye simu nakirudia hapa: mwenye kisukari akiishiwa pumzi, akatokwa jasho la baridi na tumbo likamchafuka, wa kushukiwa kwanza ni moyo. Gesi ingoje zamu yake.

Watu wanasubiri maumivu. Tumezoea kusikia kwamba moyo ukishambuliwa mtu anashika kifua na kuanguka, na kwa wengi ni hivyo. Lakini sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu. Ndiyo maana vidole vya miguu vinaingia ganzi. Ganzi hiyo inaweza kufika hata kwenye mishipa inayopeleka habari za maumivu kutoka moyoni. Moyo unanyimwa damu, na mwenye moyo hapati taarifa. Anachokiona ni hivyo ulivyoviandika, au uchovu usio na sababu, au taya na bega kuuma kidogo.

Naandika haya nikimkumbuka kaka yangu. Alikuwa fundi cherehani hukohuko Mpwapwa, na kisukari alikuwa nacho miaka 12. Jumamosi moja alinipigia simu akasema tumbo limejaa, shati limelowa jasho na hana nguvu hata ya kukanyaga cherehani. Zahanati aliyokwenda walimpa dawa ya kiungulia. Na mimi, muuguzi, nikamwambia alale apumzike. Nilikuwa zamu, wodi imejaa, sikuuliza swali la pili. Siku ya nne nilipofika nilimkuta ameketi kitandani, ameegemea viroba viwili vya vitambaa, maana akilala chali pumzi inakata. Miguu ilikuwa imevimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha kuwa sehemu ya moyo ilikuwa imeshaharibika, na daktari alipohesabu siku, hesabu iliangukia Jumamosi ile ya simu. Aliishi miaka minne zaidi. Lakini kutoka kwenye cherehani yake hadi mlangoni, hatua nane, alikuwa anasimama mara moja, ameshika meza ya kukatia, akisubiri pumzi imrudie. Futi yake ya kupimia ninayo mpaka leo.

Wewe, mdogo wangu, nashukuru ulikwenda hospitali kesho yake, na nashukuru kwamba matibabu yameanza. Kwa msomaji mwingine mwenye dalili kama zako: asipande kilima chochote mpaka apimwe, na asiende peke yake. Atafute hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo, kile cha kubandikwa waya kifuani, mikononi na miguuni. Ni dakika chache na hakiumi. Akifika asiseme "nina gesi". Aseme: "Nina kisukari, naishiwa pumzi nikitembea, na natoka jasho la baridi." Mhudumu akisikia maneno hayo hatakuacha kwenye benchi. Na hali hiyo ikimkuta mtu amekaa tu, isitulie, atafute gari hata kama ni saa nane ya usiku. Msuli wa moyo ukikosa damu unakufa ndani ya saa chache. Kukipambazuka huwa kumechelewa.

Mume wangu ana miaka 52, tunaishi Nkuhungu. Sukari yake ilikuwa 14, akaanza dawa, sasa asubuhi inasoma 6. Anasema amepona na ameacha vidonge vyote, pamoja na cha presha na cha mafuta. Cha mafuta ndicho anakichukia zaidi, kwa kuwa yeye ni mwembamba. Presha juzi ilikuwa 150 kwa 95. Nimshawishi vipi?

Mama, barua yako ndiyo niliyoisoma mara nyingi kuliko zote, kwa sababu mumeo nimekutana naye kliniki mamia ya mara, kwa sura tofauti tofauti.

Hiyo 6 (milimoli kwa lita, kama namba zote za sukari humu) imeletwa na dawa. Ukiondoa nguzo, paa halianguki siku hiyohiyo. Linakaa siku kadhaa, mtu anajipongeza, halafu linashuka. Wapo wanaopunguza uzito sana na sukari yao ikakaa vizuri bila dawa, lakini huo ni uamuzi wa kufanywa na daktari huku vipimo vikiendelea. Mwembamba kama yeye hana hata huo uzito wa kupunguza.

Ila kinachonitia hofu zaidi ni presha na hicho kidonge cha mafuta. Mwenye kisukari anahesabu sukari tu, kama vile adui ni mmoja. Kisukari chenyewe kinakaribia kuongeza mara mbili uwezekano wa mtu kupata shambulio la moyo au kiharusi. Maji yetu ya Dodoma yana chumvi. Fungua birika lako uangalie ule ukoko mweupe ndani. Sasa fikiria mishipa ya damu. Sukari nyingi inakwangua kuta zake za ndani, mafuta mabaya yananata pale palipokwanguka, na presha inasukuma damu kwa nguvu kwenye njia ambayo imeshakuwa nyembamba. Siku moja ule ukoko unapasuka, damu inaganda juu yake, njia inaziba. Ikiziba moyoni ni shambulio la moyo, ikiziba kichwani ni kiharusi. Wembamba wa mwili hauonyeshi chochote kuhusu ukoko huo.

Ndiyo maana mwenye kisukari aliyefika miaka 40 huwa anapewa hicho kidonge cha mafuta, cha jamii ya statini, hata kama lehemu yake, yaani mafuta ya kwenye damu, haikutisha. Kazi yake ni kulinda mishipa. Wachache hupata maumivu ya misuli. Akiyapata aseme, abadilishiwe aina au dozi, asiache kimyakimya. Na akikuambia kwamba metfomini, kile kidonge cha sukari, inaua figo, hilo ni neno la vijiweni. Figo zinauawa na sukari na presha. Metfomini hupunguzwa au kusimamishwa figo zikishachoka, na hapo ndipo watu walipochanganya habari. Kama inamvuruga tumbo, aimeze katikati ya chakula.

Namna ya kumshawishi? Usimwambie mbele ya watoto, na usimtishe na habari za waliokufa. Mwombe jambo moja dogo: wiki mbili mpime presha pamoja, wewe na yeye, kila asubuhi kabla ya chai. Mkae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu yote chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Muandike kwenye daftari moja, majina mawili, safu mbili. Kwa wengi wenye kisukari tunataka iwe chini ya 130 kwa 80. Ataona yako, ataona yake. Wanaume niliowahi kuwaona wakirudi kwenye dawa, wengi walirudishwa na daftari kuliko na maneno yangu.

Halafu aende kliniki na daftari hilo, aombe na kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Chembe nyekundu za damu huishi kama siku 120, na sukari inajishikiza kwazo, kwa hiyo kipimo hicho kinaeleza miezi yote hiyo ilivyokwenda. Kwa wengi tunataka kiwe chini ya asilimia 7. Sukari ya asubuhi moja mtu anaweza kuipamba kwa kulala njaa, ile ya miezi mitatu haipambiki. Apimwe pia protini kwenye mkojo na macho, mara moja kila mwaka.

Mimi ni dereva wa lori, napakia mahindi Kibaigwa kwenda Dar es Salaam. Natumia glibenklamidi asubuhi. Juzi nikiwa karibu na Gairo, saa nane mchana, sijala tangu chai, mikono ilianza kutetemeka, macho yakaona ukungu, nikasikia hasira bila sababu. Nilitafuna karanga mpaka nikapata nafuu baada ya muda mrefu. Ilikuwa nini?

Sukari ilishuka, mwanangu, na Mungu alikuwa na wewe kwenye usukani.

Glibenklamidi inaibana kongosho itoe insulini, ile inayoshusha sukari, iwe umekula au hujala. Ukimeza asubuhi ukaruka chakula cha mchana, dawa inaendelea kushusha tu. Chini ya 4 tunahesabu kwamba imeshuka. Kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, hasira, maneno kuchanganyika: hizo zote ni dalili, na hasira watu huisahau. Wake na matingo wanaijua kuliko mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo mfundishe tingo wako.

Kosa lilikuwa karanga. Ni chakula kizuri, lakini zina mafuta mengi na sukari yake inachelewa mno kuingia kwenye damu. Ukiona dalili, egesha gari, zima injini, kunywa nusu chupa ya soda ya kawaida, ile yenye sukari kabisa, au koroga vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari kwenye maji. Ngoja dakika 15. Pima, ikiwa bado chini ya 4, rudia. Ikishapanda, hapo sasa kula karanga zako na ndizi au mkate ili isishuke tena. Usiondoe gari mpaka iwe juu ya 5 na kichwa kimetulia kabisa, na hicho kutulia huchukua kama dakika 45 hivi.

Mwambie daktari kazi yako ni ipi. Wapo madaktari wanaoandika dawa bila kujua kwamba mgonjwa analala Chalinze na kula chakula saa kumi. Kuna dawa ambazo hazishushi kwa namna hiyo, na dereva anastahili kufikiriwa hizo kwanza. Mpaka hapo, chakula chako cha mchana kihesabu kama dizeli.

Mimi ni mama wa miaka 46 kutoka Kondoa, natumia metfomini peke yake asubuhi na jioni. Naweza kufunga Ramadhani?

Kwa dawa hiyo peke yake, na kama figo na moyo ni vizuri, wengi wanafunga salama. Nenda kliniki mwezi mmoja na nusu kabla, dawa ipangwe upya kwa futari na daku. Daku usiiache, na uisogeze karibu na alfajiri. Tende moja au mbili za kufungulia zinatosha, uji usitiwe sukari. Pima mchana, mashehe wengi wamesema kuchoma kidole hakuharibu saumu. Ikisoma chini ya 4 au juu ya 16, fungua hapohapo. Mgonjwa ameruhusiwa na Kitabu chenyewe. Wenye insulini au glibenklamidi wasijiamulie kwa kusoma jibu hili, lao ni tofauti.

Nina miaka 34, nafanya kazi ofisini huku Mtumba. Baba alifariki kwa kiharusi, alikuwa na kisukari. Nimepima kabla ya kula, imesoma 6.4. Asubuhi nakunywa supu na chapati mbili, mchana wali, jioni nyama choma na wenzangu. Tumbo limeanza kutoka. Nimeshapata? Na je, nikihamia ugali wa mtama nitakuwa salama?

Bado, lakini umeshafika kizingitini. Kabla ya kula, 7 na kuendelea, ikithibitishwa kwa kupima tena, ndiyo kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 mwili umeanza kushindwa kuiondoa sukari. Na nikuambie jambo la kukutia nguvu, maana katika kazi yangu hatukuwa na mengi ya namna hii: Marekani walifuatilia zaidi ya watu 3,000 waliokuwa mahali kama ulipo, na matokeo yakachapwa mwaka 2002. Waliopunguza uzito kidogo, kama asilimia 7 ya uzito wao, na kutembea dakika 150 kwa wiki, walipunguza kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa metfomini, asilimia 31. Miguu iliishinda dawa. Kwa mwenye kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na kidogo.

Chukua futi ya fundi, pima kiuno usawa wa kitovu. Kisizidi nusu ya urefu wako. Hicho ni kipimo ambacho hakihitaji maabara.

Mtama sasa. Nimekulia ugali wa uwele na mtama, na ninaupenda, lakini nimechoka kusikia ukisemwa kama dawa. Ugali wa mtama ni wanga. Nafuu yake ni kwamba usiokobolewa una makapi, unasagika tumboni taratibu kuliko sembe nyeupe. Ukila mlima wake, sukari itapanda kama kawaida. Tengeneza sahani hivi: nusu mboga, robo ugali wa ukubwa wa ngumi yako, robo maharage, samaki, kuku au nyama ya ukubwa wa kiganja. Kwa Mgogo hii ni rahisi, kwa sababu mlenda wetu una utelezi unaochelewesha sukari kuingia kwenye damu. Angalizo langu ni magadi. Kinachoitwa sodiamu kwenye chumvi, ndicho kilichomo kwenye magadi, na mtoto wa aliyekufa kwa kiharusi anatakiwa kuwa nacho mbali. Mlenda unaiva bila magadi; unachukua muda kidogo zaidi na rangi inapungua. Chumvi yote ya siku, ya jikoni, ya kwenye kachumbari na ya kile kisahani kinacholetwa pembeni ya nyama choma, isizidi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa.

Asubuhi, chapati iwe moja, na supu isiwe ile yenye mafuta yanayoelea. Mafuta ya alizeti ya Singida ni mazuri kwa moyo, ila yakishakaangiwa chipsi mara tano yamegeuka kitu kingine. Nyama choma ifanye ya Jumamosi. Na baada ya wali wa mchana usirudi kwenye kiti: tembea dakika 10 au 15 kwenye hizo barabara pana za Mtumba. Msuli unaotembea unavuta sukari kutoka kwenye damu papo hapo.

Mzee wa Manyoni anauliza: asali yetu ya nyuki wadogo si sukari, naweza kuweka kwenye chai? Na msomaji wa Hombolo amesikia kwamba mvinyo mwekundu wa zabibu zetu unasafisha moyo.

Shikamoo mzee. Asali inapandisha sukari karibu sawa na sukari ya dukani. Iweke kwa ajili ya siku ambayo sukari imeshuka, kijiko kimoja cha chakula hapo ni tiba.

Wa Hombolo: mtu asianze kunywa pombe kwa ajili ya moyo. Inapandisha presha, na kwa anayetumia insulini au glibenklamidi inaweza kushusha sukari usiku amelala. Zabibu zenyewe kula, konzi moja, punje kama 15, ukitafuna na maganda. Juisi yake iache.

Mama yangu yuko Kongwa, kisukari miaka 15. Mwezi wa saba baridi ilipokaza aliota moto kwenye jiko la mkaa, akaungua kidole cha mguu bila kujua. Amekuja kuona malengelenge asubuhi. Kidonda hakiumi, kwa hiyo anasema si kikubwa. Anapaka majivu ya dawa ya jirani.

Kutouma ndiko kunakonitisha. Mguu wenye hisia ungemwondoa kwenye moto kabla ngozi haijapiga hata wekundu. Apelekwe kituo cha afya leo, asafishwe kwa maji safi yenye dawa, afungwe, apewe siku ya kurudi. Majivu yaoshwe, yanafunika uchafu na yanamzuia mhudumu kuona kina. Kikitoa harufu, kikawa cheusi, au wekundu ukapanda kuelekea kifundoni, hiyo ni hospitali ya wilaya bila kulala nyumbani. Na wakiwa huko wamguse mapigo ya mguu, yale ya juu ya unyayo. Mishipa iliyoziba mguuni inatuambia mengi kuhusu mishipa ya moyo. Ni ukoko uleule.

Nimesafisha vidonda vingi vya mwezi wa sita na wa saba, na vingi vilianzia kwenye jiko, au chupa ya maji ya moto, au jiwe lililopashwa likafungwa kwenye kanga. Mnunulie soksi mbili za pamba zisizobana. Kila usiku kabla ya kulala, wewe au mjukuu mchukue tochi mtazame nyayo na katikati ya vidole. Asitembee pekupeku hata uani, miiba ya migunga haibishi hodi. Katambuga nazo ni ngumu na misumari yake hutokeza ndani. Avae kiatu kilichofunikwa mbele, na akikung'ute kabla ya kuvaa.

Niko kidato cha nne, naishi na bibi kijijini Chamwino. Bibi ameandikiwa insulini ila hataki, anasema ukianza sindano ndiyo safari ya mwisho. Pia hatuna umeme wala friji, na nyumba ni ya bati. Mwezi wa kumi joto ni kali. Tufanye nini?

Mjukuu wangu, msomee bibi aya hii kwa sauti. Bibi, shikamoo. Watu waliona wenzao wakianza sindano wakiwa wamechelewa sana, wakafa, wakailaumu sindano. Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Januari 1922 ilichomwa mtoto wa miaka 14 aliyekuwa amebaki ngozi na mifupa. Akainuka. Kabla ya hapo mtoto kama yeye alikuwa hana tumaini lolote. Kongosho yako imechoka, bibi, inasaidiwa kazi. Nimewachoma watu kwa miaka 20 na wanalima.

Sasa ya kuhifadhi. Chupa ambazo hazijafunguliwa ni bora zikae kituo cha afya chenye friji, mwombe mhudumu awape moja moja. Iliyofunguliwa haihitaji friji, inahitaji isipate joto la bati. Hapa ukavu wa Dodoma unatusaidia. Tafuta chungu kikubwa cha udongo ambacho hakijapakwa rangi, weka mchanga chini, tia chungu kidogo ndani yake, jaza mchanga katikati ya vyungu viwili. Lowesha mchanga huo asubuhi na jioni mpaka uone nje ya chungu kunatoka jasho. Chupa iweke kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, maji yasiingie, kopo liingie chungu cha ndani, funika kwa kitambaa kilicholowa. Kiweke chini kwenye kivuli, mahali upepo unapopita, mbali na jiko. Huu upepo mkavu unaotukausha midomo ndio unaopoza chungu. Unavyozidi kunyonya maji, ndivyo ndani kunavyozidi kupoa. Insulini isiwekwe juani, isining'inizwe kwenye kenchi chini ya bati, na mkipata barafu isigusane nayo kabisa, ikiganda imeharibika.

Siku mnayofungua, andika tarehe kwenye chupa kwa kalamu ya wino. Wiki 4 zikipita, itupwe hata kama imebaki. Kama ni ile ya maziwamaziwa, iviringishe kati ya viganja mara 10 hadi 20, usiitikise. Ikiwa na mabonge au imeng'ang'ania ukutani mwa chupa, msiitumie. Chakula cha bibi kiwe tayari kabla hujamchoma. Na kikombe chenye vijiko vinne vya sukari kikae karibu na kitanda chake usiku, pamoja na maji, mahali ambapo mkono wake unafika gizani.